Mpira Unaoshuka Hauguswi

Watoto, somo letu la leo linaanza na swali. Je, mpira usioingia kikapuni waweza kuhesabiwa pointi mbili? Wengi wenu mtajibu upesi: “Haiwezekani!” Walakini jibu la kweli ni hili: yawezekana, tena ni haki. Sikilizeni vizuri, nanyi mtajua kwa nini.

Tuseme vijana wakubwa wa Runingu wanacheza mpira wa kikapu na vijana wa Kiliba. Pointi za pande zote mbili ni sawa, na muda uliobaki ni mfupi. Kijana mmoja wa Runingu, tumwite Mfupi, anautupa mpira. Mpira unapanda, unafika kileleni, unaanza kushuka kuelekea kikapu. Hapo kijana wa Kiliba, tumwite Mrefu, anaruka juu na kuupiga kwa kiganja. Mpira unakwenda mbali, mpaka majanini. Watu wa Kiliba wanashangilia. Mara mwamuzi anapiga filimbi na kuinua vidole viwili: pointi mbili kwa Runingu!

Watu wa Kiliba wanapiga kelele: “Mpira haukuingia! Ni wizi!”

Neno hilo ni zito. Katika bonde la Ruzizi, shule moja huwa na watoto wa lugha nyingi na wa vijiji vingi. Neno “wizi” likitamkwa uwanjani, haliishii uwanjani. Linashika njia pamoja na watoto, linafika nyumbani, na kesho yake linaketi darasani. Kwa hiyo yatupasa kuijua sheria kwanza, ndipo tuhukumu.

1. KIKAPU

Kikapu cha mchezo huu si kikapu cha kuchukulia mihogo. Ni pete ya chuma yenye wavu unaoning'inia chini yake. Wavu huo hauna kitako: mpira ukiingia kwa juu, hutokea chini. Pete imefungwa kwenye ubao, na ubao umeshikwa na nguzo.

Kutoka ardhini mpaka kwenye pete ni meta 3 na sentimeta 5. Upana wa pete ni sentimeta 45. Upana wa mpira wa wanaume ni sentimeta 24 hivi. Basi nafasi ya pete ni karibu mara mbili ya upana wa mpira. Kwa watoto wadogo pete huwekwa chini zaidi, meta 2 na sentimeta 60, ili nao waweze kucheza vizuri.

Shuleni mwetu labda pete imechomelewa na mhunzi, na nguzo ni mti wa mkaratusi. Si kitu. Sheria ni ile ile.

2. NJIA YA MPIRA

Chukua chungwa, umrushie mwenzako aliye mbali. Tazama njia yake. Kwanza linapanda. Kisha linafika kileleni. Mwishoni linashuka mpaka mikononi mwa mwenzako. Mpira wa kikapu nao una njia kama hiyo: kupanda, kilele, kushuka.

Mpira unapopanda, mlinzi ana ruhusa ya kuuzuia. Aruke, anyoshe mkono, aupige mpira. Lakini asimpige mtupaji mkononi wala asimsukume. Kuzuia namna hiyo ni kazi nzuri, na watazamaji hupenda kuiona.

Mpira ukianza kushuka, wakati wa mlinzi umepita. Kwa nini? Kwa sababu mpira huingia kikapuni kwa kushuka. Mtupaji amekwisha kufanya kazi yake yote: amelenga, amepima nguvu, ameachilia. Sasa imebaki pete tu iamue kama kazi yake ilikuwa nzuri au mbaya. Anayeupiga mpira wakati huo hamshindi mtupaji kwa ufundi. Anafuta hukumu kabla haijatolewa.

Fikirini mkulima aliyelima, akapanda, akapalilia. Siku ya kuvuna, anatokea mtu mwingine na kung'oa mihogo yote. Je, mtu huyo amemshinda mkulima kwa kulima? La, hata kidogo. Kama alitaka kushindana naye, angeshindana wakati wa jembe.

Wazee husema: “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mlinzi na azibe ufa mapema, mpira ukingali unapanda. Akichelewa, atalipa ukuta mzima.

3. KOSA LA KWANZA: KUGUSA MPIRA UNAOSHUKA

Mwamuzi hapigi filimbi kila mara mlinzi anapogusa mpira ulio juu. Hujiuliza kwanza maswali manne:

Swali la kwanza: Je, mpira umetupwa ili uingie kikapuni? Kama mchezaji alikuwa anampa mwenzake tu, hakuna kosa.

Swali la pili: Je, mpira unashuka? Kama bado unapanda, hakuna kosa. Lakini mpira ukiisha kugonga ubao, ukiwa juu ya pete, hauguswi hata kama bado unapanda.

Swali la tatu: Je, mpira wote mzima uko juu ya pete? Kama sehemu yake imekwisha kuwa chini ya pete, hakuna kosa.

Swali la nne: Je, mpira una njia ya kuingia? Kama umetupwa vibaya, na kila mtu anaona kwamba utaanguka mbali na pete, mlinzi anaweza kuuchukua.

Majibu manne yakiwa “ndiyo”, ni kosa. Jibu moja likiwa “hapana”, mchezo unaendelea.

Angalieni pia neno hili: sheria hii haiwafungi walinzi peke yao. Mwenzake Mfupi naye haruhusiwi kuruka na kuusukuma mpira wa Mfupi unaoshuka, ili auingize kwa nguvu. Mpira unaoshuka hauguswi na rafiki wala mshindani.

Yako pia mapigo ya adhabu, yaani mitupo huru. Mchezaji husimama peke yake mbele ya kikapu, na hakuna anayemzuia. Hapo mpira hauguswi toka unapoondoka mkononi mwake mpaka ugonge pete, uwe unapanda au unashuka.

4. KOSA LA PILI: KUINGILIA KIKAPU

Kosa la kwanza ni juu ya mpira ulio njiani. Kosa la pili ni juu ya kikapu chenyewe, wakati mpira umekwisha kufika. Tazameni namna zake:

(a) Mpira unacheza juu ya pete, haujaamua kuingia wala kutoka. Mchezaji anashika pete, au wavu, au ubao. Ni kosa.

(b) Mchezaji anapitisha mkono ndani ya wavu toka chini kwenda juu, akaugusa mpira. Ni kosa.

(c) Mpira umekwisha kuingia ndani ya pete, haujatoka chini. Mlinzi anausukuma urudi juu. Ni kosa.

(d) Mchezaji anavuta pete na kuiachilia, ikatetemeka, na mpira ukakosa kuingia kwa sababu hiyo. Ni kosa.

Labda mtasema: “Sisi tu wadogo, hatufiki kwenye pete. Sheria hii yatuhusu nini?” Yawahusu sana. Nguzo ya mti hutikisika upesi. Mtoto mdogo akiisukuma nguzo kwa bega wakati mpira uko juu ya pete, ametikisa kikapu sawasawa na mtu mrefu aliyeivuta pete. Tena wapo watoto wanaosimama nyuma ya nguzo na kuitikisa kwa siri ili wawasaidie ndugu zao. Hao si wachezaji hata kidogo, nao wanaharibu mchezo wa wote.

5. MALIPO YA KOSA

Sasa turudi kwa Mrefu na Mfupi. Mpira wa Mfupi ulitupwa kuelekea kikapu, ulikuwa unashuka, ulikuwa wote juu ya pete, ulikuwa na njia ya kuingia. Majibu manne ni “ndiyo”. Kwa hiyo Mrefu amekosa.

Atalipa nini? Mlinzi akikosa, mpira huhesabiwa kana kwamba umeingia. Kama ulitupwa toka karibu, ni pointi 2. Kama ulitupwa toka nyuma ya mstari wa mbali, ambao uko meta 6 na sentimeta 75 toka chini ya kikapu, ni pointi 3. Kama ni mtupo huru, ni pointi 1. Na mlinzi aliyeugusa mtupo huru wa mwisho kabla haujagonga pete huandikiwa pia kosa la utovu wa nidhamu.

Na akikosa mchezaji wa upande unaotupa? Hapo hakuna pointi, hata kama mpira umeingia. Washindani hupewa mpira, nao huurudisha mchezoni toka pembeni mwa uwanja.

Mnaona basi: mwamuzi hakuwapa Runingu zawadi. Aliwarudishia kitu ambacho mkono wa Mrefu uliwanyang'anya. Hakuna ajuaye hakika kama mpira ule ungaliingia. Lakini Mrefu ndiye aliyetuzuia tusijue, kwa hiyo hasara ni juu yake.

6. SHERIA HIZI ZILITOKA WAPI

Mpira wa kikapu ulianza mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, nchini Marekani. Aliyeubuni ni mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, jina lake James Naismith. Wakati huo wa baridi kali vijana walihitaji mchezo wa ndani ya nyumba. Vikapu viwili vilivyokuwa vya kuchukulia matunda vikapigiliwa misumari kwenye roshani. Ndiyo asili ya jina la mchezo.

Naismith aliandika sheria 13. Moja yao ilikuwa imekwisha kusema kwamba walinzi wasiguse kikapu. Na kama mpira umetua ukingoni, na mshindani akakisogeza kikapu, mpira uhesabiwe kuwa umeingia. Kwa hiyo kosa la kuingilia kikapu linajulikana tangu mwanzo kabisa wa mchezo.

Kosa la kugusa mpira unaoshuka lilikuja baadaye. Siku za kwanza hakuna aliyefikiri kwamba mtu angeweza kufika juu kiasi hicho. Lakini katika miaka ya 1940 walitokea vijana warefu sana katika vyuo vikuu vya Marekani. Bob Kurland wa chuo cha Oklahoma A&M alikuwa na urefu wa meta 2 na sentimeta 13. George Mikan wa chuo kikuu cha DePaul, mjini Chicago, alikuwa na meta 2 na sentimeta 8. Mtu kama huyo alisimama karibu na kikapu, na mipira iliposhuka aliiondoa mmoja mmoja, kama mtu anayefukuza nzi juu ya chakula. Wenzao walilenga vizuri, lakini kulenga hakukuwa na faida tena.

Mwaka 1944 wakuu wa mchezo wa vyuo wakakata shauri: tangu sasa mlinzi asiguse mpira unaoshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 washambuliaji nao wakakatazwa.

Je, sheria ile iliwaonea watu warefu? Tazameni yaliyotokea. Mwaka 1945, katika msimu wa kwanza wa sheria mpya, Kurland na wenzake walikuwa mabingwa wa vyuo vya Marekani. Mwaka 1946 wakawa mabingwa tena. Sheria haikumnyima Kurland urefu wake. Ilimlazimisha kuutumia kwa kazi ya haki.

7. NGOMA ISIYOONEKANA

Tofauti moja yafaa kujulikana, kwa sababu huwachanganya wengi wanaotazama michezo ya Marekani.

Nchini kwetu Kongo tunafuata sheria za FIBA, shirikisho la mataifa lililoanzishwa mjini Geneva mwaka 1932. Kwa sheria hizo, mpira ukiisha kugonga pete, kosa la kwanza limekwisha. Mchezaji yeyote anaweza kuupiga mpira ulio juu ya pete, ili mradi asiguse pete wala wavu wala ubao. Hiyo ni kwa mpira wa mchezo, na kwa mtupo huru wa mwisho.

Katika vyuo vikuu vya Marekani sivyo. Fikirini ngoma ndefu isiyo na ngozi, yenye upana sawa na pete, imesimama juu ya pete na kwenda juu. Ngoma hiyo haionekani, lakini mwamuzi wa vyuo huiona kwa akili. Mpira ukiwa ndani ya ngoma hiyo, au juu ya pete, hauguswi, hata kama umekwisha kugonga pete mara tatu. Anayeugusa ameingilia kikapu. Ila mshambuliaji anayekuja na mpira mkononi mwake na kuutia kikapuni kwa nguvu ana ruhusa, kwa kuwa mkono na mpira viliingia pamoja.

Basi kitendo kimoja chaweza kuwa halali Uvira, na kuwa kosa Washington. Kabla ya kusema “mwamuzi amekosa”, uliza kwanza: wanacheza kwa sheria zipi?

8. MKONGO ALIYEJUA KUNGOJA NA KUJUA KURUKA

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Mwaka 1987 alikwenda kusoma Georgetown, chuo kikuu cha Mapadri Wayesuiti mjini Washington. Nia yake ilikuwa kuwa mganga. Lakini alikuwa na urefu wa meta 2 na sentimeta 18, na mwalimu wa mpira wa kikapu, John Thompson, akamwita achezee timu ya chuo.

Mutombo alijifunza kazi ya ulinzi. Katika mchezo mmoja wa mwaka 1989, dhidi ya chuo cha St. John's, alizuia mipira 12. Mwaka 1991 alimaliza masomo yake, akaingia katika ligi kubwa ya Marekani. Huko alicheza mpaka mwaka 2009, akazuia mipira 3,289. Mtu mmoja tu amehesabiwa zaidi yake katika ligi hiyo, naye ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria.

Sasa fikirini hesabu hiyo. Mlinzi akigusa mpira unaoshuka, hahesabiwi kwamba amezuia. Washindani hupewa pointi. Kwa hiyo mipira yote 3,289 ilihesabiwa kuwa imezuiwa kwa halali. Kila mara ilimpasa Mutombo kuamua kwa kufumba na kufumbua: mpira huu bado unapanda, niuendee, au umekwisha kushuka, niuache. Urefu alizaliwa nao. Lakini kujua saa ya kuruka na saa ya kungoja, hilo alijifunza kwa jasho.

Hakuwa mganga, lakini hakuisahau nia yake ya kwanza. Alijenga hospitali Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007, akaiita kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58.

9. TUKUMBUKE

Mpira unaopanda huzuiwa. Mpira unaoshuka huachwa. Kikapu chenye mpira juu yake hakiguswi wala hakitikiswi. Mlinzi akivunja sheria, pointi huhesabiwa. Mtupaji au mwenzake akivunja, pointi hufutwa.

Sheria hii haimfanyi mfupi kuwa mrefu. Inafanya kulenga kwake kuwe na maana mbele ya mrefu. Na mrefu mwenye akili hailalamikii. Hujifunza kuruka mapema.

MASWALI

1. Kutoka ardhini mpaka kwenye pete ni urefu gani? Kwa watoto wadogo je?
2. Taja sehemu tatu za njia ya mpira. Mlinzi ana ruhusa ya kuuzuia katika sehemu ipi?
3. Mpira umetupwa toka nyuma ya mstari wa mbali. Mlinzi anaupiga ukiwa unashuka kwenye pete. Wahesabiwe pointi ngapi? Eleza.
4. Mchezaji ameusukuma mpira wa mwenzake unaoshuka, ukaingia. Mwamuzi atafanya nini?
5. Mpira umegonga pete, ukaruka juu kidogo, bado uko juu ya pete. Mlinzi anaupiga bila kugusa pete. Ni kosa kwa sheria zetu? Ni kosa katika vyuo vya Marekani?
6. Kwa nini sheria ya mwaka 1944 ilihitajika?
7. Mwenzako anasema: “Mwamuzi ametuibia, mpira haukuingia!” Utamjibu nini? Andika sentensi tano.

ZOEZI

Tengenezeni mpira wa majani makavu ya migomba. Mmoja autupe juu kumwelekea mwenzake. Wengine watazame na kupiga makofi mara moja tu, wakati ule ule mpira unapoacha kupanda na kuanza kushuka. Wanaowahi na wanaochelewa waanze tena. Fanyeni hivyo mara kumi. Ndipo mtajua kazi ya mwamuzi ilivyo ngumu, na kwa nini yampasa kila mchezaji kumheshimu.